Bata wa Ukurasa wa Kwanza

Kuna nchi moja ambayo ukiitafuta kwenye ramani huioni, na ukimuuliza mtu anayeishi humo atakuambia yeye ni mpita njia tu. Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Elimu na Ufaulu, na siku moja Waziri wake alisimama bungeni akatangaza kwamba kuanzia saa sita mchana wa siku ile, hakuna tena mwanafunzi mzito wa kuelewa katika shule yoyote ya taifa. Waheshimiwa walipiga meza mpaka glasi za maji zikamwagika. Waziri hakueleza watoto hao wamekwenda wapi, na hakuna aliyeuliza, maana kuuliza ndiko kulikokuwa dalili ya kwanza ya uzito wa kuelewa.

Walimu wakuu, watu watiifu sana, walielewa upesi. Watoto waliochelewa kusoma, waliokuwa hawasikii vizuri, walioona herufi zikicheza ngoma ubaoni, wote waliitwa ofisini mmoja mmoja, wakapewa pipi na kuambiwa wakapumzike nyumbani mpaka watakapoelewa. Wazazi waliona aibu. Waliwafungia watoto uani na kuwaambia majirani kwamba wamekwenda kukaa kwa shangazi. Mwaka ule mashangazi wa nchi ile walikuwa na kazi kubwa ya kulea, kama mtu angeyasadiki yote yaliyosemwa.

Mtoto mmoja tu ndiye ambaye hakwenda kwa shangazi. Aliitwa Mwajabu, binti wa miaka kumi, mwanafunzi wa Shule ya Msingi Jitihada, na kilichombakiza shuleni kilikuwa mama yake.

Mama Mwajabu alikuwa muuza dagaa, na biashara hiyo ilimfundisha kutoamini kitu chochote kinachokaa juu ya gunia. Wauzaji wa jumla huweka juu dagaa wakavu wanaong'aa, chini wakaficha mchanga na vichwa vitupu. Kwa hiyo kabla hajanunua, yeye alikunja mkono wa gauni, akazamisha mkono ndani ya gunia mpaka begani, akachota kutoka chini kabisa na kunusa. Tabia hiyo alitoka nayo sokoni akaenda nayo kila mahali. Nesi akimwambia mtoto ana homa, alitaka kukiona kipimajoto kwa macho yake. Jirani akimuuliza habari za asubuhi, alimkagua uso kwanza, akitafakari jirani anataka nini.

Mwalimu Mkuu Kasanzu alipomwita na kumweleza habari za kupumzika nyumbani, Mama Mwajabu alimtazama kwa jicho la pembeni akauliza mpaka lini. Mpaka mtoto atakapoelewa, alijibiwa. Akauliza tena ni nani atakayemwelewesha huko nyumbani, yeye mama mtu akiwa sokoni kutwa. Mwalimu Mkuu alijibu kwamba swali hilo liko juu ya ngazi yake.

Kesho yake asubuhi alimleta mtoto, akamketisha dawati la nyuma, kisha akasimama dirishani na beseni lake la dagaa kichwani. Harufu ikaingia darasani ikakaa. Siku iliyofuata alifanya vivyo hivyo, na iliyofuata, mpaka Mwalimu Mkuu akasalimu amri. Kumfukuza mtoto kungehitaji kuandikwa mahali, na kitu kikishaandikwa, mtu anaweza kukisoma. Basi Mwajabu akabaki. Hakufundishwa chochote, lakini alikuwepo.

*

Siku zikapita, upepo ukageuka. Wahisani kutoka ng'ambo walileta shehena ya vifaa vya watoto wenye uhitaji: viti vyenye mito, vitabu vya herufi kubwa, zulia, vikuza sauti vya kuvaa masikioni, na magari. Masharti yao yalikuwa mepesi. Kila shule iwe na Darasa la Msaada, na darasa liwe na watoto ndani yake.

Waziri alirudi bungeni kifua mbele. Alitangaza kwamba taifa linajivunia watoto wake wenye uhitaji, kwamba limekuwa nao tangu enzi za mababu, na kwamba wetu ni bora kuliko wa nchi jirani. Meza zikapigwa tena. Kila shule ya wilaya ikapaka chumba kimoja rangi ya buluu, ikatandika zulia, ikapanga viti. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba hakuna wa kuvikalia.

Kazi ya kuwatafuta ilimwangukia Bwana Fadhili Tongwe, Afisa Uhitaji wa Wilaya. Alikuwa mtu mwenye kitambi cha heshima na sauti ya kubembeleza, na alipewa moja ya yale magari mapya, jeupe, ambalo mlangoni mwake paliandikwa maneno ya buluu ambayo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuyasoma. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaulizia watoto. Wazazi walimtazama, wakaukumbuka mwaka wa pipi, wakajua huu ni mtego. Wote waliapa kwamba watoto wao wana akili za kutisha. Mama mmoja, ambaye mwanawe hakuwahi kutamka hata neno moja, alisema mtoto anataka kuwa mwanasheria, kwa hiyo anatunza maneno.

Hivyo Bwana Tongwe akaishia mlangoni kwa Mama Mwajabu.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mama Mwajabu hakuitikia. Bwana Tongwe alimzidi umri kwa miaka mingi, ndevu zake zilikuwa na mvi, na mtu mzima anayemwamkia shikamoo aliye mdogo wake lazima ana jambo. Alimwacha asimame kwanza, kisha akamwekea kigoda.

Afisa alieleza kwamba Mwajabu ameteuliwa kuwa Mwanafunzi Mwenye Uhitaji wa Wilaya, wadhifa ambao haujawahi kushikwa na mtu yeyote. Shule zote zitamhudumia kwa zamu. Atabebwa kwa gari, atapewa maziwa, atakalia mto.

"Na kusoma?" aliuliza Mama Mwajabu. "Atafundishwa kusoma?"

"Kwa kina, mama. Kwa kina kabisa."

Mama Mwajabu alikuwa na hakika kwamba kuna mchanga chini ya gunia hili. Ila mwanawe alikuwa amekaa dawati la nyuma siku nyingi mno bila mtu hata mmoja kumwinamia na kumwonyesha a ni ipi, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyopenda kukiri. Alikubali kwa sharti moja, kwamba popote mtoto atakapopelekwa naye atakuwepo. Bwana Tongwe naye akatoa la kwake, kwamba dagaa wabaki nyumbani.

*

Utaratibu ulikuwa hivi. Shule ikipata taarifa kwamba inatembelewa na wageni, inamwandikia Bwana Tongwe kumwazima mtoto. Gari linakuja, Mwajabu anavalishwa sweta ya shule hiyo, anaketishwa kwenye chumba cha buluu, na mwalimu anafungua kile kitabu kikubwa. Wageni wanasimama mlangoni, wanapiga picha, wanafuta machozi, wanakwenda kunywa chai. Vikombe vikishakusanywa, sweta inavuliwa na mtoto anarudishwa kwao.

Katika shule moja aliitwa Rehema, katika nyingine Upendo. Kuna shule iliyokuwa na milango miwili, na huko alikuwa pacha: wageni walionyeshwa mmoja kupitia mlango wa mbele, wakazungushwa nje polepole, wakaonyeshwa wa pili kupitia mlango wa nyuma. Wageni wakiuliza watoto wengine wako wapi, waliambiwa wako kwenye mazoezi ya viungo. Taarifa ya wilaya ikaonyesha madarasa yote yamejaa, na Bwana Tongwe akapewa ngao.

Mama Mwajabu alisimama madirishani akiangalia. Aliangalia mto, akaubonyeza kuona kama una sufi kweli. Alionja maziwa. Lakini kilichomtia wasiwasi zaidi ni kitabu, maana kila shule kilifunguliwa ukurasa ule ule, wa kwanza, wenye picha ya mtoto na bwawa.

*Huyu ni Kasimu. Kasimu ana bata. Bata wa Kasimu amepotea. Kasimu anamtafuta.*

Hapo ndipo chai ilipokuwa tayari, kila mara. Siku nyingine shule nyingine, sweta nyingine, na bata anapotea upya.

Alimuuliza Bwana Tongwe kwa nini somo haliendi mbele. Afisa aliinua kidole, akasema taifa linajengwa kwa ukurasa wa kwanza, na mataifa yaliyokimbilia ukurasa wa pili yote yanajuta leo. Mama Mwajabu aliguna, akanyamaza. Mwajabu ndiye hakunyamaza. Kila walipopanda gari kurudi alimvuta mama yake ushungi na kuuliza kwa sauti ya chini kama bata alipatikana. Mama alijibu hajui, pengine wiki ijayo.

Sasa, kuna jambo ambalo Wizara haikulikusudia hata kidogo, na itafaa isilaumiwe kwalo. Walimu wale, kwa kuwaogopa wageni, walifundisha ukurasa ule kwa upole ambao hawakuwahi kuutumia tangu waajiriwe. Hakuna aliyefoka, hakuna aliyeshika fimbo. Mmoja aliimba silabi, na mwingine alizipigia makofi. Yupo aliyemwaga mchanga kwenye sinia na kumshika mtoto kidole, wakaiandika b pamoja, taratibu, mpaka mgeni wa mwisho alipotosheka na picha. Na yote hayo yalikuwa kwa mtoto mmoja, kwa maneno yale yale machache, tena na tena na tena. Hakuna mtaalamu wa Wizara ambaye angethubutu kupendekeza kitu kama hicho, kwa kuwa kingehesabiwa ni upotevu wa muda.

Siku moja sokoni Mwajabu alisimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, kichwa juu, midomo ikichezacheza.

"Ba," alisema. "Ba... ti." Kisha akacheka. "Mama, nilidhani ni bata. Siyo. Ni bati."

Mama Mwajabu, kwa kawaida yake, hakuamini. Alimziba macho, akamzungusha, akampeleka kwenye kibao kingine, akafunika nusu kwa kiganja na kumwonyesha nusu. Mtoto akasoma nusu iliyoonekana. Alimpeleka kwenye kibao cha tatu akitafuta hila, hila haikuonekana. Basi akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa katikati ya njia ya watu na kulia kwa furaha, huku wenye mikokoteni wakimpigia kelele apishe.

Tangu hapo herufi ambazo hazikuwemo kwenye habari za bata walizisaka sokoni. Z waliipata kwenye kibao cha muuza nazi, g kwenye kg iliyoandikwa juu ya gunia la mchele wa msaada. Ila mama alimwonya mwanawe asimwambie mtu. Aliwajua wenye magunia. Wakigundua mtoto anaelewa watamrudisha nyumbani kabla hajaufikia ukurasa wa pili, na Mwajabu hakuwa na kitu alichokitaka zaidi duniani kuliko ukurasa huo.

Bwana Tongwe naye hakuwa mjinga. Alianza kuona kwamba macho ya mtoto yanatangulia kidole cha mwalimu.

"Mama, huyu mtoto anaelewa?" aliuliza siku moja, akijifanya anafuta kioo cha gari.

"Anaelewa nini, bwana afisa?"

"Nauliza tu."

Wakatazamana. Afisa akaeleza, kwa upole, kwamba uhitaji wa Mwajabu si mali ya familia tena. Ni mali ya wilaya, na haupaswi kupunguzwa bila idhini.

*

Ikafika Siku ya Taifa ya Uhitaji. Uwanja wa mpira ulipambwa, mahema yakasimamishwa, viti vya sofa vikabebwa kutoka nyumba za wakubwa. Waziri angekuja, na wahisani wote wangekuja. Mwajabu alipangiwa kupanda jukwaani, kuonyeshwa kitabu na kushindwa, ili Waziri apate pa kuanzia hotuba ya kuomba awamu ya pili ya vifaa.

Bwana Tongwe alimwinamia nyuma ya hema akamwekea sweta sawa. "Kazi yako ni ndogo sana, mwanangu," alimwambia. "Usiweze. Tazama kitabu, tikisa kichwa, basi."

Mama Mwajabu aliyasikia. Alipobaki peke yake na mwanawe alipiga magoti mbele yake, akapiga hesabu. Mtoto akitikisa kichwa, ataendelea kuazimwa, maziwa na mto na bata anayepotea, mpaka uzeeni. Akisoma, hakuna ajuaye watamfanya nini. Alimuuliza Mwajabu anataka nini.

"Nataka kujua habari za bata."

"Basi kawaulize wenyewe wenye kitabu," alisema Mama Mwajabu, akasimama.

Waziri aliongea kwanza, kwa vile kwenye ratiba ilikuwa imeandikwa atakuwa na maneno mafupi. "Ndugu wageni," alisema, "serikali yangu imeupokea uhitaji, imeukumbatia, imeuwekea zulia. Kuna wanaouliza, mtoto huyu atasoma lini? Nawajibu, sisi si watu wa haraka. Uhitaji uliokaa vizuri ni rasilimali." Mkalimani alihangaika na neno la mwisho akaliacha. Hotuba ikaendelea mpaka kivuli cha hema kikahama na kuwaacha wahisani juani, wakiwa wekundu kama pilipili na wenye adabu.

Kisha Mwajabu akapandishwa. Kitabu kikawekwa mbele yake, kipaza sauti kikashushwa. Bwana Tongwe, chini ya jukwaa, alitikisa kichwa kumkumbusha.

Mwajabu aliutazama ukurasa. Akaweka kidole.

"Huyu ni Kasimu," alisoma. "Kasimu ana bata. Bata wa Kasimu a-me-po-te-a." Akavuta pumzi. "Kasimu anamtafuta."

Hata bendi, iliyosinzia tangu hotuba, iliacha kukoroma ikaketi sawa. Na mtoto, mbele ya wote, akakishika kitabu kwenye pembe na kufungua ukurasa ule ambao hakuna mwalimu aliyewahi kuufikia.

Ulikuwa mweupe. Akafunua mwingine, nao mweupe. Alifunua wa tatu polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba ambamo ana hakika kuna mtu.

"Bata alipatikana?" aliuliza, na vipaza sauti vikaipeleka sauti yake mpaka barabarani.

Waziri alimgeukia msaidizi wake. Msaidizi akamgeukia katibu, katibu akamgeukia Bwana Tongwe, na Bwana Tongwe akageuka nyuma, hakukuwa na mtu. Mama Mwajabu hakuweza kuvumilia tena. Alipanda jukwaani akiwapita walinzi, akakunja mkono wa gauni, akazamisha mkono chini kabisa ya kitabu, akainua kurasa zote za mwisho kwa mkupuo na kuzionyesha uwanja. Hakukuwa na hata nukta. Baadaye ilielezwa kwamba mchapaji aliona si busara kupoteza wino, kwa sababu hapajawahi kutokea mgeni aliyekaa shuleni mpaka ukurasa wa pili.

Lakini uwaziri haupewi mtu ovyo. Mheshimiwa alikishika kipaza sauti, akatangaza kwamba mwanafunzi amekisoma kitabu chote kilichoandikwa, na hivyo amehitimu. Kwa kuwa alikuwa ndiye wa mwisho, taifa halina tena mtoto mwenye uhitaji, na hilo ni la kushangiliwa. Na kwa kuwa serikali ni sikivu, anaunda papo hapo Tume ya Kuchunguza Kupotea kwa Bata. Makofi yakarindima. Wahisani walipiga makofi pia, maana mkalimani aliwaambia kwamba ndivyo maonyesho ya jadi yanavyomalizika katika nchi hii.

*

Vyumba vya buluu vikafungwa. Mazulia yakahamia ofisi za walimu wakuu, viti vyenye mito vikahamia kwenye kumbi za mikutano. Mama Mwajabu alimrudisha mtoto kwenye dawati lake la nyuma, lakini safari hii Mwalimu Mkuu Kasanzu alikuwa na jibu. Alisema sheria hairuhusu mhitimu kukaa na wanafunzi, na akampa Mwajabu mkono wa pongezi.

Walirudi nyumbani. Mwajabu alikaa uani kutwa, siku baada ya siku, na mama yake alimwona akipungua, akaingiwa na uchungu na hasira ambavyo havikuwa na pa kwenda. Kisha siku moja mtoto aliokota kipande cha mkaa jikoni, akaandika ukutani ukurasa wa kwanza wote, akauimba silabi kwa silabi, akapiga makofi, kama alivyofanyiwa.

Upande wa pili wa ua mtu akaitikia.

Alikuwa mtoto wa jirani, yule aliyekuwa kwa shangazi. Kesho yake walikuja wawili, keshokutwa mkeka haukutosha. Wazazi waliwaleta wenyewe, kwa aibu, wakizungumzia hali ya hewa. Mama Mwajabu aliwashuku wote kwamba wamefuata dagaa wa mkopo, akakaa mlangoni kuwalinda dagaa. Hakuna aliyegusa. Mtoto mwenye kutunza maneno alikuja pia, na ingawa hakutamka kitu, aliiandika b kwenye sinia la mchanga vizuri kuliko wote. Wote waliufikia mwisho wa ukuta na wote waliuliza swali lile lile. Mwajabu aliwajibu kwamba Tume inaendelea. Tume yenyewe ilikuwa imeweka kambi kwenye hoteli moja ya ufukweni, ikichunguza nyayo.

Ndipo ikaja barua kwamba wahisani wapya wako njiani, wenye vifaa vipya na masharti yale yale. Gari jeupe likasimama nje ya ua, na Bwana Tongwe akashuka.

"Shikamoo, mama," alisema, safari hii akiinama mpaka miwani ikamponyoka.

"Sema shida yako."

Bwana Tongwe alisema ni jambo dogo. Alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Binti anaweza kusahau? Siyo moja kwa moja, mama. Kidogo tu. Mpaka saa kumi."

Mama Mwajabu alimwita mwanawe, amjibu mwenyewe.

"Nilijaribu, babu," alisema Mwajabu. "Siku ile niliporudi nilijaribu kusahau. Nikifumba macho naziona herufi humo humo."

Afisa alishika kichwa. Lakini alipokiinua aliona mkeka, na juu ya mkeka watoto, na uso wake ukang'aa. Alisema hakujua kumbe kuna akiba. Akaomba kuazima mmoja, mwenye sura ya huruma, atarudishwa kabla chai haijapoa.

"Chukua wote," alisema Mama Mwajabu. "Wote waende shule, na wote wafundishwe mpaka mwisho wa kitabu. Mmoja hatutoi."

Bwana Tongwe alicheka kwa huzuni, akasema angependa sana, ila gari lina nafasi ya mtu mmoja, nyuma kumejaa vifaa. Mama Mwajabu alilitazama gari. Lilikuwa limelala kwa nyuma, kama punda aliyezidishiwa mzigo, na nyuma ya kioo palikuwa na turubai.

Mwajabu alikuwa amekwisha kusogea mlangoni mwa gari. Bwana Tongwe alipoona macho yake yanatembea kwenye yale maneno ya buluu aliruka na kuyaziba kwa mgongo, lakini mgongo haukutosha, maana maneno yalizunguka mpaka upande wa nyuma.

"Kwa," alisoma Mwajabu. "Kwa ma-tu-mi-zi. Ya wa-na-fu-nzi." Akasogea hatua moja. "Tu."

Watoto wakarudia kwa pamoja, kama walivyozoea, na wakapiga makofi. Kisha, kwa kuwa wao ndio walioandikwa, walifungua milango wakaingia. Walikaa mbele, wakakaa katikati, wakapakatana. Dereva alimtazama afisa, akautazama mlango, akatulia. Bwana Tongwe alilalamika kwamba vifaa vitaharibika, na wakati akilalamika, chini ya turubai kitu kilijitikisa.

Mama Mwajabu alikunja mkono wa gauni. Aliuzamisha chini ya turubai, ukapita magunia mawili ya mkaa, ukapita mkungu wa ndizi, ukaingia mpaka begani, na alipouvuta alikuwa ameshika miguu iliyofungwa kamba. Zawadi kutoka shule, alisema Bwana Tongwe haraka. Alipewa tu. Hata yeye alishangaa.

Mama Mwajabu hakushangaa hata kidogo. Alimtua bata chini na kumfungua kamba, naye akatembea zake uani akilalamika.

Mwajabu alimtazama mpaka akatosheka. Kisha alichukua kipande cha mkaa kutoka kwenye gunia lenyewe la afisa, akaenda ukutani, chini ya maneno yale yote aliyokuwa ameyaandika, akaanza kuandika taratibu. Watoto walining'inia madirishani mwa gari wakisubiri. Bwana Tongwe, akiwa bado ameushikilia mlango, aliuliza kwa wasiwasi mtoto anaandika nini pale.

"Ukurasa wa pili," alisema Mama Mwajabu.